Kamiriithu: Kijiji Kilichomsahihisha Mwandishi

Mwaka 2011 nilikuwa katika kikundi kidogo cha maigizo mtaani kwetu, Nakuru. Tulikuwa vijana tisa. Siku za wiki tulifanya mazoezi katika ukumbi wa kanisa, na Jumamosi tulitoka kwenda sokoni, shuleni, popote tulipoitwa, tukiigiza michezo ya dakika arobaini kuhusu malaria, maji safi na umuhimu wa kupiga kura. Hati za michezo tuliletewa na shirika lililokuwa likitulipia nauli na chakula cha mchana. Tulizipokea zimeshapigwa chapa, tukazikariri, basi.

Jumamosi moja, katikati ya mchezo, mama mmoja muuza mboga alisimama akatukatiza. Binti aliyeigiza mama mkwe alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kumfokea mkaza mwana wake mbele ya wageni. Yule mama akasema kwa sauti, wala hakuwa na hasira: "Huyo hawezi kusema hivyo. Mama mkwe hamfokei mke wa mwanawe mbele ya watu. Atamngojea jikoni." Watu wakaangua kicheko. Sisi tukamwomba aketi, tukaendelea na hati yetu kama ilivyoandikwa. Mimi ndiye niliyemwomba aketi.

Kikundi chetu kilikufa mwaka uliofuata. Ufadhili ulikwisha, nauli ikakosekana, kila mtu akashika njia yake. Hakuna aliyetupiga marufuku. Hakuna askari aliyekuja kutuvunjia ukumbi. Na nikisema kweli, hakuna mtu hata mmoja mtaani aliyeuliza tumepotelea wapi. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kukosa nauli.

Ni baada ya hapo ndipo nilipoanza kuisoma kwa makini historia ya jukwaa la Kamiriithu, kule Limuru. Jina nilikuwa nalijua, kama anavyolijua kila mpenzi wa fasihi nchini Kenya. Tumeizoea hadithi yenyewe kwa ufupi wake: Ngugi wa Thiong'o aliandika mchezo kwa Kigikuyu, serikali ikakasirika, akatiwa kizuizini. Hadithi hiyo si ya uongo, ila imekatwa kichwa na miguu. Ndani yake kijiji ni mahali tu, kama pazia lililochorwa nyuma ya mwigizaji mkuu. Lakini ukienda kwenye vitabu alivyoandika Ngugi mwenyewe kuhusu miaka ile, Detained na Decolonising the Mind, unakuta mambo yamegeuzwa. Humo kijiji ndicho kinachosema, na mwandishi ndiye anayeambiwa aketi asikilize.

Hebu tuanze na kijiji.

Limuru ni nchi ya baridi na ukungu, kaskazini magharibi mwa Nairobi, imezungukwa na mashamba ya majani chai. Kamiriithu ya leo ilitokana na Hali ya Hatari ya miaka ya 1950. Ili kuwatenga wananchi na wapiganaji wa Mau Mau walioko msituni, Waingereza walivunja makazi ya watu yaliyokuwa yametawanyika, wakawarundika katika vijiji vilivyopangwa kwa mistari na kulindwa na askari. Ngugi, aliyezaliwa huko Limuru mwaka 1938, alikuwa mwanafunzi wa Alliance wakati huo. Mwaka 1955 alirudi nyumbani kwa likizo yake ya kwanza akakuta hakuna nyumbani. Boma lilikuwa limevunjwa, na jamaa zake wamehamishiwa katika kijiji kipya. Naomba ukumbuke jambo hilo, msomaji, maana litarudi.

Uhuru ulikuja mwaka 1963, lakini kijiji hakikuvunjwa. Wengi wa waliohamishiwa pale hawakuwa na ardhi ya kurudia. Walibaki pale pale, wakawa nguvukazi ya bei nafuu kwa kila aliyeihitaji: kiwanda cha viatu cha Bata kilichokuwa jirani, mashamba ya chai, karakana, maduka, na nyumba za matajiri zilizohitaji watumishi. Katikati ya kijiji palikuwa na kiwanja cha ekari nne kilichotengewa kituo cha vijana. Juu yake palisimama jengo la udongo lililokuwa likibomoka, na hapakuwa na shughuli ya maana.

Asubuhi na mapema, siku moja ya mwaka 1976, mwanamke wa kijiji hicho alifika nyumbani kwa Ngugi. Wakati huo Ngugi alikuwa mhadhiri wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi na mwandishi wa riwaya anayejulikana duniani. Yule mama hakuzunguka mbuyu. Alimwambia wamesikia ana elimu nyingi na anaandika vitabu, basi kwa nini yeye na wenzake wasiwagawie wanakijiji kidogo ya elimu hiyo? Hawakuitaka yote, kidogo tu, pamoja na kidogo ya muda wao. Akaeleza habari za kile kituo kinachobomoka. Alipoona hajibiwi kwa haraka, akarudi Jumapili iliyofuata, na iliyofuata tena, mpaka Ngugi akakubali kwenda.

Mimi huifikiria sana ziara hiyo. Katika hadithi tuliyoizoea, msomi huteremka kijijini na taa yake kuwaangazia wasiojua. Hapa, aliyepiga hodi alikuwa mwanakijiji, na aliyesitasita alikuwa msomi.

Kazi ya kwanza haikuwa maigizo. Ilikuwa masomo ya watu wazima, ngumbaru kama tulivyozoea kuyaita. Aliyeyaongoza alikuwa Ngugi wa pili katika hadithi hii, Ngugi wa Mirii, mtaalamu wa elimu ya watu wazima kutoka Taasisi ya Masomo ya Maendeleo ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Mtindo wake ulikuwa karibu na ule wa Mbrazili Paulo Freire: mtu hafundishwi herufi tupu, hufundishwa kuyasoma maisha yake. Darasa lilijadili mishahara, ardhi, bei ya vitu, ulevi, nani ana nini na alikipataje. Kamati ya kituo ilikuwa na wakulima, wafanyakazi wa viwandani, walimu wa shule na wafanyabiashara wadogo. Wale wa chuo kikuu walikuwa wajumbe kama wengine.

Mwishoni mwa mwaka 1976 likazuka swali ambalo kila mwalimu wa watu wazima analijua: mtu akishajua kusoma, atasoma nini? Kamati ikaamua kufanya mchezo wa kuigiza, kwa sababu mbili. Mchezo ungeendeleza mjadala ulioanzia darasani, na kiingilio kingesaidia kukiendesha kituo. Wakawaomba wale Ngugi wawili waandike muhtasari wa hati. Lugha haikuwa na ubishi. Watu wa Kamiriithu walizungumza Kigikuyu, kwa hiyo mchezo ungekuwa wa Kigikuyu. Ngugi, ambaye riwaya zake zote mpaka hapo zilikuwa za Kiingereza, alijikuta anaanza upya kwa sababu darasa la ngumbaru ndilo lililomwagiza kazi.

Mchezo uliitwa Ngaahika Ndeenda. Kwa Kiswahili umetafsiriwa kama Nitaolewa Nikipenda, na nakala yangu niliipata kwa muuza vitabu vya mitumba, jalada lake limeshikizwa kwa gundi. Kisa chake ni chepesi kukisimulia. Kiguunda ni kibarua wa shambani, maskini mwenye ekari moja na nusu tu. Hatimiliki ya ekari hiyo ameitundika ukutani kama picha ya mtakatifu. Tajiri anayemwajiri, Kioi, anaanza ghafla kumtembelea pamoja na mkewe, wakimhimiza yeye na Wangeci wakafunge ndoa ya kanisani ili waache kuishi katika dhambi. Mtoto wa tajiri naye ana uhusiano na binti yao, Gathoni. Kiguunda anadhani ni dalili za posa. Anaweka shamba rehani benki ili apate mkopo wa kufanyia harusi ya heshima. Binti anapewa mimba na kutupwa. Mkopo haulipiki. Shamba linauzwa, na unajua tayari ni nani anayelinunua.

Hapa ndipo historia ya Kamiriithu inaponikamata shati. Hati ile ilipoletwa kijijini mwaka 1977, haikupokelewa kama tulivyozipokea sisi zetu. Ilisomwa hadharani, ikajadiliwa, ikapasuliwa. Mazoezi yalianza mwezi wa Juni, na yalifanyika mahali pa wazi ili anayepita asimame atazame. Na aliyesimama kutazama hakunyamaza. Wazee waliwaambia waandishi kwamba mzee wa umri ule hawezi kutumia maneno yale mbele ya kijana. Wakawafundisha mithali na mafumbo ambayo mzee wa kweli angeyatumia. Wafanyakazi wa viwandani walizipitia hesabu za mshahara na jasho, kwa sababu walizijua kuliko profesa yeyote. Kina mama wazee walifundisha gitiiro, ule utamaduni wa kujibizana kwa nyimbo na ngoma kwenye sherehe ya harusi, na sehemu ya harusi katika mchezo ikasimama juu ya kile walichokifundisha. Ilipofika zamu ya kuonyesha vita vya ukombozi, zikahitajika bunduki za bandia. Akajitokeza mzee ambaye miaka ya 1950 aliwatengenezea wapiganaji wa Mau Mau bunduki za kweli. Akachonga za mchezo kwa ujuzi ule ule.

Ngugi anakiri kwamba pale alijifunza lugha yake mwenyewe upya. Nilipoisoma sehemu hiyo nilikiweka kitabu chini. Nilimwona muuza mboga wangu amesimama sokoni, akinipa bure elimu ambayo mwandishi yule mkubwa aliifuata mguu kwa mguu kwa miezi minne, na mimi nikimwomba aketi.

Jukwaa nalo lilijengwa vivyo hivyo. Vijana wa kijiji wakiongozwa na mwenzao aliyekuwa mjumbe wa ofisini, yaani yule anayetumwa barua na chai, walibuni mchoro. Kielelezo chake walikijenga kwanza kwa njiti za kiberiti. Kisha kijiji kikajenga chenyewe ukumbi usio na paa, wenye nafasi ya watu zaidi ya elfu mbili, jukwaa likiwa limeinuliwa na viti vimepangwa kwa ngazi ili wa nyuma aone. Mwongozaji wa mchezo, Kimani Gecau, alikuwa mhadhiri wa idara moja na Ngugi. Waigizaji walikuwa wakulima, vibarua, watu wasio na kazi, wanafunzi. Wengi wao hawakuwahi kukanyaga jukwaa maishani mwao.

Linganisha na hali ya mjini wakati ule. Jumba la Taifa la Maigizo jijini Nairobi lilifunguliwa mwaka 1952, mwaka ule ule Hali ya Hatari ilipotangazwa, na hata baada ya miaka zaidi ya kumi ya uhuru ratiba yake ilikuwa bado imeshikwa na vikundi vya wageni. Mwaka 1976, The Trial of Dedan Kimathi wa Ngugi na Micere Githae Mugo, na Betrayal in the City wa Francis Imbuga, ilikuwa michezo iliyoteuliwa kuiwakilisha Kenya katika tamasha la FESTAC jijini Lagos. Hata hivyo ililazimika kugombania siku chache za kuonyeshwa katika jumba lenye jina la taifa. Ukikosa nafasi katika nyumba ya taifa, unajenga ya kijiji.

Jumapili tarehe 2 Oktoba 1977, mchezo ukafunguliwa, siku iliyochaguliwa kuadhimisha miaka 25 tangu kuanza kwa mapambano ya Mau Mau. Maonyesho yalikuwa alasiri, kwa sababu usiku wa Limuru hauna huruma. Watu wakaja. Mwanzoni ni wa pale pale, halafu wa vijiji vya jirani, halafu watu wa mbali waliokodi mabasi na matatu. Siku moja mvua ilinyesha katikati ya mchezo. Waigizaji wakasimamisha, watazamaji wakatafuta pa kujikinga, na mvua ilipokatika wote wakarudi, ukumbi ukajaa kama kwanza. Baadhi ya watazamaji walikuwa wameshayajua maneno ya waigizaji kwa moyo, maana walikuwepo tangu mazoezini. Hata sifa ya kijiji ilianza kubadilika. Pale palijulikana kwa ulevi na vurugu, sasa palikuwa na watu waliokubaliana wenyewe kutolewa wakati wa kazi.

Tarehe 16 Novemba 1977 mkuu wa wilaya ya Kiambu aliifuta leseni ya mchezo. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama wa umma. Mchezo ulikuwa umeonyeshwa kwa wiki sita na siku chache. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba polisi walimchukua Ngugi nyumbani kwake, akapelekwa jela ya Kamiti bila kushtakiwa kwa kosa lolote. Alikaa huko mpaka Desemba 1978, miezi kadhaa baada ya kifo cha Rais Jomo Kenyatta. Ndani ya jela aliandika riwaya yake ya kwanza ya Kigikuyu kwenye karatasi za msalani, ile ambayo Kiswahili chake ni Shetani Msalabani.

Sasa, kuna jambo ambalo wengi wetu tunaliruka. Mwezi wa Julai mwaka huo huo wa 1977, Ngugi alizindua riwaya ya Petals of Blood. Ni riwaya kali. Inawavua nguo matajiri wapya wa Kenya huru, wanasiasa, wafanyabiashara, watu wa dini, wote. Aliyeizindua jijini Nairobi ni Mwai Kibaki, Waziri wa Fedha wa wakati huo. Hakuna aliyekamatwa. Kitabu kikauzwa madukani. Miezi mitatu baadaye, mchezo wenye lawama zile zile, pengine nyepesi zaidi, ukaonyeshwa kijijini, na serikali ikatetemeka.

Tofauti ni nini? Jibu la kawaida ni lugha: riwaya ilikuwa ya Kiingereza, mchezo wa Kigikuyu. Nakubali, lakini naona jibu hilo halitoshi. Kulikuwa na vitabu na nyimbo za lugha za mama kabla ya hapo. Nadhani kilichotisha ni lugha pamoja na ule utaratibu. Watu waliokuwa wamezoea kuambiwa walikuwa wamezoea sasa kusahihisha. Mwaka mzima walikuwa wakimwambia profesa, bila kumwogopa na bila kumdharau, kwamba hapa umekosea, rekebisha. Mtu akishazoea kumsahihisha profesa, hatachelewa kumsahihisha chifu. Na baada ya chifu yuko mkuu wa wilaya.

Ushahidi wangu ni kwamba kumwondoa Ngugi hakukutosha. Kama tatizo lingekuwa mwandishi mmoja mkorofi, kizuizi cha mwaka mmoja kingemaliza kazi. Lakini kijiji hakikutawanyika. Ngugi alipoachiliwa alinyimwa kurudi kwenye kazi yake ya chuo kikuu, Kamiriithu ilimpokea. Mwaka 1981 kikundi kikaanza kuandaa mchezo mpya, Maitu Njugira, maana yake mama niimbie. Huu ulirudi nyuma hadi ukoloni wa miaka ya 1930, zama za kipande na sheria za kuwalazimisha Waafrika kufanya kazi za walowezi. Nyimbo zake zilikusanywa kutoka jamii mbalimbali za Kenya. Lile dai kwamba Kamiriithu ilikuwa jambo la kabila moja linapata jibu lake hapo.

Safari hii walitaka kuingia mjini. Walipanga kufungua katika Jumba la Taifa la Maigizo tarehe 19 Februari 1982. Wakaomba leseni, maombi hayakujibiwa. Siku ilipofika, wakakuta milango imefungwa na polisi wako pale. Mkulima kutoka Limuru alisimama nje ya jumba la taifa lake akitazama kufuli. Wakahamia kwenye ukumbi wa chuo kikuu, wakaendelea na kile walichokiita mazoezi, maana mazoezi hayahitaji leseni. Watu waliojaa kutazama mazoezi hayo walihesabika kwa maelfu. Wengine waliketi chini, wengine walisimama madirishani. Baada ya siku chache huko nako wakafungiwa.

Tarehe 11 Machi 1982 serikali ilifuta usajili wa kituo cha Kamiriithu. Kesho yake yalifika malori matatu ya polisi. Wakalibomoa jukwaa.

Nilikuomba ukumbuke boma la mwaka 1955. Wazee waliosimama kando ya barabara siku ile ya Machi walikuwa wameshaiona picha hiyo. Kijiji chenyewe kilizaliwa kwa kubomolewa kwa nyumba zao na serikali ya kikoloni. Sasa kitu cha kwanza walichokijenga pamoja, kwa hiari yao, kilibomolewa na serikali waliyoipigania.

Kilichofuata ni kutawanyika. Mwezi wa Juni 1982 Ngugi alikwenda London kwa uzinduzi wa tafsiri ya Kiingereza ya Shetani Msalabani, akaonywa asirudi. Ngugi wa Mirii na Kimani Gecau walikimbilia Zimbabwe, nchi iliyokuwa na uhuru wa miaka miwili tu. Huko Ngugi wa Mirii alitumia robo karne akiwafundisha wanavijiji kuunda michezo yao wenyewe, mpaka alipofariki kwa ajali ya barabarani mwaka 2008. Kwa hiyo mbegu ya darasa la ngumbaru la Limuru iliota pia kusini mwa Zambezi. Ni wachache kati yetu wanaolitaja jina lake. Na waigizaji? Ule mchezo ulichapishwa kama kitabu mwaka 1980, na jaladani yamo majina mawili, ya wale Ngugi. Simlaumu mtu, kitabu lazima kiwe na jalada. Lakini mama aliyepiga hodi, kijana wa njiti za kiberiti, mzee wa bunduki, na wote waliosema "hapa umekosea" walirudi kuchuma majani chai. Kiwanja cha jukwaa nacho baadaye kilijengwa chuo cha ufundi. Kujifunza useremala na umeme ni jambo jema, sipingi. Ila palikuwa na ekari nne; nafasi ya vyote viwili ilikuwepo.

Mwezi wa Mei 2022, Ngaahika Ndeenda hatimaye iliingia Jumba la Taifa la Maigizo. Iliandaliwa na kikundi cha Nairobi Performing Arts Studio, ikaonyeshwa kwa Kiingereza na kwa Kigikuyu. Nilisafiri kutoka Nakuru kwenda kutazama. Nilichagua siku ya Kiingereza kwa sababu Kigikuyu changu ni cha sokoni: najua kuuliza bei na kukataa bei. Waigizaji walikuwa hodari, taa zilikuwa nzuri, watu walipiga makofi wima. Nililia kidogo pale hatimiliki ilipoondolewa ukutani.

Lakini nilipokuwa nikitoka niligundua kitu. Tulikaa gizani, kimya, saa zote zile. Hakuna aliyesimama. Hakuna aliyesema mzee huyu hawezi kuongea hivyo. Na hata angesema, mhudumu mwenye tochi angekuja kumwomba aketi, kwa adabu, kama nilivyofanya mimi. Mchezo ulikuwa umerudi. Utaratibu haukurudi nao. Miaka arobaini baada ya ile kufuli tuliruhusiwa kutazama, na tukadhani tumerudishiwa kila kitu.

Ngugi wa Thiong'o alifariki nchini Marekani tarehe 28 Mei 2025, akiwa na umri wa miaka 87. Juma lile mtandaoni tulimwagika wote na rambirambi. Tulitaja riwaya, tukataja jela, tukataja ile tuzo ya Nobel ambayo hakuipata. Nilipitia salamu nyingi nikitafuta jina la Kamiriithu. Lilikuwemo, mara nyingi kama tarehe tu kabla ya neno "kizuizini".

Juma hilo niliwapigia simu wenzangu wa zamani. Kati ya wale tisa, wawili walikuwa bado Nakuru na walikuwa tayari kunisikiliza. Mmoja sasa ana duka la vipuri vya pikipiki, mwingine anafundisha shule ya msingi. Tulikutana nyuma ya soko, pale pale tulipokuwa tukiigiza habari za malaria. Mwalimu akauliza tuanze na hati gani. Nikamwambia hatuna hati. Tuna kisa cha mama mkwe, mkaza mwana na wageni, na hatujui mama mkwe anasema nini wageni wakishaondoka.

Yule mama wa mboga hayupo tena sokoni. Meza yake ina kijana anayeuza vifuniko vya simu. Nilimuuliza kama anamjua. Akasema alihama, hajui wapi. Kisha akatutazama sisi watatu tumesimama bila shughuli, akauliza tunafanya nini. Tukamweleza kisa. Akakisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Hapo mmekosea," akasema.

Tukavuta viti.